Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuchagua Mashine: Bi Soketi Anastaafu

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Mkuu wa Mipango wa studio yetu atarudisha ufunguo wa kile chumba kilicho kando ya ngazi na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Nusu ya wafanyakazi hawalijui jina lake la kwenye kitambulisho. Tangu waajiriwe wamemsikia akiitwa Bi Soketi, na wengine walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi. Kamati ya hafla imemwomba mwandishi wa mistari hii aandae wasifu ulio mfupi, wenye heshima na usio na ubishi. Ufupi atajitahidi. Heshima ipo tele. Hilo la tatu, kamati ilipaswa kumpa mtu mwingine.

Kwa faida ya wageni waalikwa, hasa ndugu wa mstaafu ambao miaka yote hii wameamini kwamba shangazi yao analipwa mshahara kwa kucheza, ni vyema kazi yenyewe ielezwe. Studio yetu hutengeneza gemu. Gemu huchezwa kwenye konsoli, yaani ile mashine inayounganishwa na televisheni sebuleni na kuongozwa kwa pedi ya mkononi. Konsoli ziko za aina kadhaa, hutengenezwa na kampuni kubwa zisizoelewana, na gemu iliyoandikwa kwa ajili ya mashine moja haiingii kwenye nyingine mpaka sehemu kubwa yake iandikwe upya. Kuandika upya ni kulipa mishahara upya. Kwa hiyo, kabla mchoraji hajachora hata msumari mmoja, lazima mtu aamue gemu hiyo inakwenda kwenye mashine ipi. Akichagua ile yenye nguvu kubwa, gharama za kuchora zinaweza kuimeza studio kabla gemu haijafika dukani. Akichagua ile nyepesi, isiyo na gharama, anaweza kukuta wenye mashine hizo wameacha kununua. Kosa la upande wowote hufunga studio. Zimefungwa nyingi, nyingine zikiwa na wasanii bora kuliko sisi. Kwa zaidi ya miongo miwili, mtu aliyelibeba zigo hilo hapa kwetu ni Bi Soketi.

Hakuanzia hapo. Alipoajiriwa, studio ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo, na kila aliyepanda ngazi ya chuma alisikika mpaka kwa muuza vioo. Alikuja na stashahada ya takwimu, akapewa meza, simu na kazi ya kupokea malalamiko ya wateja. Gemu siku zile zilikuwa katika kaseti za plastiki, na wateja walikuwa hawana muda wa salamu. "Kaseti yenu mbovu, nirudishieni pesa zangu!" Yeye angesubiri mpigaji apumue, kisha angeuliza kwa upole uleule ambao sote tumeujua: "Pole sana, baba. Mashine imechomekwa?" Upande wa pili kungesikika kiti kikisogezwa. Halafu simu ingekatwa bila kwaheri. Fundi wa sauti, aliyekuwa akifanya kazi nyuma ya pazia katika chumba hichohicho, ndiye aliyempa jina hilo, na kwa bahati mbaya ya fundi huyo hakuna aliyekumbuka kumpa yeye jina lolote.

Swali la kwanza lilimpa jina. Swali la pili ndilo lililompa cheo. Kila mteja aliyekiri kwamba mashine haikuwa imechomekwa, Bi Soketi alimuuliza: "Na hapo kwenye soketi kumechomekwa nini badala yake?" Watu walijibu bila kufikiri. Pasi. Friji. Mara nyingi, konsoli nyingine, ya kampuni nyingine. Hivyo binti wa mapokezi akaanza kujua jambo ambalo magazeti hayakulijua: ile mashine iliyosifiwa kila wiki katika kurasa za biashara ilikuwa, katika nyumba za wateja wetu, imerudishwa ndani ya boksi lake na kusukumwa chini ya kitanda. Mwanzilishi wa studio, baba wa Mkurugenzi wetu wa sasa, alimhamisha kutoka mapokezi kwenda mipango. Wapo walionung'unika. Walionung'unika wamestaafu kabla yake.

Mkasa uliomjenga ni ule wa mashine nyeusi. Wazee wa studio huusimulia kila mwaka, na kila mwaka wanauharibu, kwa hiyo hapa utaandikwa kama ulivyokuwa.

Mashine nyeusi ilipoingia madukani, watu walipigana vikumbo kuinunua. Ndani ya mwaka mmoja ilikuwa imeziacha nyuma mashine nyingine zote kwa mauzo. Studio yetu ilikuwa na akiba ya kutengeneza gemu moja tu. Ikianguka, kila mtu arudi kwao. Mezani hapakuwa na mjadala. Mashine iliyouzwa zaidi ndiyo yenye wachezaji zaidi, na penye wachezaji zaidi ndipo pa kwenda. Kitabu chochote cha biashara kingesema hivyo, na mwandishi huyu amevisoma vingi. Bi Soketi aliomba jambo moja tu kabla ya kalamu kushikwa: aruhusiwe kwenda kuziona hizo mashine zikiwa majumbani kwa watu.

Alikwenda na mchoraji mkuu. Walipiga hodi kwa muuguzi, wakapiga kwa mwenye duka la dawa, wakapiga kwa mwalimu mstaafu. Kote walikaribishwa, na kote mashine nyeusi ilikuwa mahali pa heshima, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kote ilikuwa imechomekwa. Lakini kote ilikuwa inaonyesha filamu. Mashine ile ilikuwa na uwezo wa kusoma diski za filamu, na bei yake ilikuwa chini ya bei ya deki nzuri. Watu walikuwa wamenunua deki. Mwalimu mstaafu alifungua droo na kutoa pedi ya kuchezea, ingali ndani ya mfuko wake wa plastiki, waya umefungwa vilevile ulivyotoka kiwandani. "Hiki chenye vitufe sijui cha nini, mwanangu," alisema, "ila nimekitunza vizuri, msije mkakidai."

Bi Soketi alirudi na kusema sentensi mbili kikaoni: wameuza mashine, hawajauza mchezo. Akapendekeza ile mashine ndogo ya kushika mkononi, ambayo mauzo yake yalikuwa hayafiki hata nusu ya ile nyeusi, lakini kila aliyekuwa nayo alinunua gemu moja baada ya nyingine kama mtu anayekula karanga. Zaidi ya hayo, skrini yake ilikuwa ndogo, na kuchora kwa ajili ya skrini ndogo kulihitaji wachoraji wawili tu badala ya tisa. Ndipo ilipozaliwa gemu ya *Kinyozi*, ambamo mchezaji anamiliki saluni na wateja hawaridhiki kamwe. Jengo hili tulilomo limejengwa na vinyozi wale.

Sasa, kila mwaka mkasa huu ukisimuliwa, msimulizi humalizia kwa kusema kwamba Bi Soketi alizitupa takwimu na kufuata moyo wake. Hilo si kweli, na ni kumvunjia heshima mwanamke aliyeisomea takwimu. Hakutupa namba yoyote. Aliuliza namba hiyo ni namba ya nini. Mashine zilizouzwa ni hesabu moja. Mashine zinazochezewa ni hesabu ya pili. Gemu anazonunua kila mwenye mashine ni hesabu ya tatu. Wenzake waliishia kwenye ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyoandikwa gazetini. Yeye aliifuata ya pili na ya tatu mpaka kwenye droo ya mwalimu.

Tangu siku hizo, hakuna gemu iliyoanzishwa hapa bila ziara ya sebuleni, na kila aliyewahi kwenda naye anazijua kanuni zake. Kanuni ya kwanza: ndugu hawahesabiwi, kwa sababu ndugu husema unachopenda kusikia. Kanuni hii ilimgharimu amani ya familia. Wifi yake, anayeishi mtaa wa nyuma na mwenye konsoli mbili, alinuna msimu mzima. "Yaani anaingia nyumba za watu asiowajua, mimi nyumba yangu ananiruka? Kwani mimi sina soketi?" Kanuni ya pili: mgeni akae kwenye kiti kilicho mbali zaidi na televisheni. Kanuni ya tatu: usiulize watu wanapenda nini, tazama wanafanya nini, halafu uliza kuhusu hicho tu. Mumewe, fundi majokofu ambaye leo tunamshukuru kwa uvumilivu wake, aliwahi kutuambia kwamba majirani walimuuliza kwa siri kama mkewe ameajiriwa na shirika la umeme.

Ile kanuni ya kiti cha mbali ndiyo iliyotuokoa na upumbavu wa fani yetu. Sisi hutengeneza gemu tukiwa tumekaa mbele ya skrini kubwa, pua karibu zinaigusa, na tunasahau kwamba mchezaji amekaa upande wa pili wa chumba, mbele ya televisheni ndogo, na kati yake na hiyo televisheni kuna meza, watoto na nguo za kupigwa pasi. Katika ziara mojawapo, gemu yetu mpya ilikuwa ikijaribiwa, na bibi wa nyumba ile akauliza kutoka kwenye kochi lake: "Huyo mtu wenu anaongea kwa maandishi au anatapika mchwa?" Siku ya pili maandishi ya gemu nzima yalikuzwa. Mchoraji wa herufi alilia kidogo, kisha akazoea.

Je, hakukosea kamwe? Alikosea, na wasifu unaoficha hilo hauna thamani ya karatasi yake. Simu za mkononi zilipoanza kuchezewa gemu, yeye alizipuuza kwa miaka mitatu mizima, kwa hoja kwamba mtu anayecheza akiwa kwenye foleni ya benki hachezi, anasubiri. Studio nyingine zilitajirika kwa watu wa foleni. Alipogundua, alilikubali kosa lake mbele ya wote, akaongeza kwamba simu nayo huchomekwa kila siku na yeye kati ya watu wote alipaswa kuliona hilo. Tulicheka. Mkurugenzi hakucheka sana.

Tufike kwenye *Karakana*, kwa maana bila hiyo wasifu huu ungekuwa orodha tu ya sifa.

*Karakana* lilikuwa wazo la Bi Soketi mwenyewe, la pekee katika maisha yake yote ya kazi. Miaka yote alikuwa amechagua mashine kwa ajili ya mawazo ya watu wengine. Safari hii alikuja kikaoni na la kwake: gemu ambamo mchezaji anafungua karakana ndogo, na watu wa mtaa wanamletea vitu vilivyokufa, feni, redio, cherehani, naye anavifungua, anatafuta ubovu, anavirudishia uhai. Mumewe ndiye aliyemfundisha namna kila kitu kinavyofunguka. Alitaka itengenezwe kwa ajili ya konsoli ya zamani, ile ambayo imekuwa sokoni kwa muda mrefu kiasi kwamba kila mtaa unayo. Hoja zake zilikuwa nzito. Mashine zile zilikuwa nyingi kuliko nyingine zote kwa pamoja. Feni moja ingechorwa kwa siku moja. Watu wanne wangetosha.

Sisi vijana tulipinga, na mwandishi huyu ndiye aliyekuwa na sauti kubwa zaidi. Tulitaka konsoli mpya. Ndiyo, kwenye konsoli mpya feni hiyohiyo ingehitaji wiki nzima, kwa sababu mchezaji angeona kutu ya kila skrubu, na gharama ya gemu nzima ingepanda mara nne au zaidi. Lakini mtu aliyenunua mashine mpya ana njaa. Ametoa pesa nyingi, gemu za mashine yake bado ni chache, na atanunua karibu kila kinachofika dukani ili ajihakikishie kwamba hakufanya ujinga. Tulisema kwamba wateja wachache wenye njaa ni bora kuliko umati ulioshiba. Bi Soketi alitusikiliza hadi mwisho, akasema tumesoma sana na tumesoma vizuri, lakini hatujalipa mshahara wa mtu.

Mkurugenzi hakuamua. Aliwapa Bi Soketi na wenzake wanne ruhusa ya kuanza na mashine ya zamani, kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu, na akasema uamuzi wa mwisho utafanywa gemu ikikaribia kukamilika. Sharti lilikuwa moja na lilijulikana na kila mtu: *Karakana* itazinduliwa mara moja tu. Pesa za matangazo na za majaribio zilitosha mashine moja. Tukienda kwenye ya zamani, hakuna ya mpya. Tukienda kwenye mpya, kazi ya michoro ya miaka mitatu inawekwa kabatini.

Kwa miaka mitatu, basi, wale watano walifanya kazi katika chumba cha mwisho wa korido. Wachoraji wawili, mwandishi wa programu mmoja, mtunzi wa muziki mmoja, na Bi Soketi. Waliopita karibu na mlango ule walisikia cherehani ikikohoa, kisha kicheko. Hajawahi kuonekana na furaha kama ile. Mwanzoni mwa mwaka huu gemu ilikuwa imekamilika isipokuwa marekebisho madogo, na siku ya uamuzi ikatangazwa. Kila mtu alijua kwamba Mkurugenzi amekwisha kuegemea upande wa Bi Soketi. Gharama za konsoli mpya zilimtisha, na tena alikuwa amekua akimwita dada.

Hakuna aliyemdai ziara ya sebuleni. Gemu ilikuwa yake, kanuni ilikuwa yake, angeweza kuiruka na hakuna ambaye angefumbua mdomo. Aliidai mwenyewe. Kisha akamchagua mwandishi huyu kufuatana naye, kwa maneno haya: "Twende wewe mbishi, ukaone kwa macho yako, usije ukasema nimekudanganya."

Tulikwenda kwa kinyozi, tukaenda kwa fundi cherehani, tukaenda kwenye nyumba yenye mapacha wanaosoma chuo. Alikuwa ameshinda kuanzia mlango wa kwanza. Mashine ya zamani ilikuwepo kote. Ilikuwa imechomekwa kote, na ukiigusa mgongo ilikuwa ya moto. Pedi zilikuwa zimechakaa vitufe kwa vidole vya watu. Kwa kinyozi wateja walikuwa wakicheza huku wakisubiri zamu, wakitukanana kwa upendo kama ndugu. Mwandishi wenu alikuwa tayari anatunga kichwani hotuba ya kukubali kushindwa, na ilikuwa hotuba nzuri.

Ndipo Bi Soketi akamuuliza kinyozi gemu ya mwisho kununua ilikuwa ipi. Kinyozi alifikiri, akamuuliza mteja aliyekuwa kitini, mteja naye akafikiri. "Ni hii hii ya mpira, mama. Tuliinunua na mashine. Tunacheza hii tu, inatutosha." Kwa fundi cherehani jibu lilikuja na mshangao: "Kununua nyingine? Kwani hii imeharibika?" Mapacha walikuwa na diski moja, yenye mikwaruzo, na walikuwa hawajaitoa ndani ya mashine tangu hawajui lini. Bi Soketi hakubadilisha uso. Aliuliza swali lilelile katika kila nyumba iliyofuata, kwa sauti ileile, ingawa kufikia hapo alikwisha kulijua jibu. Tulirudi kwa miguu. Njiani alizungumza kuhusu bei ya viatu.

Ieleweke vizuri alichokuwa nacho mkononi asubuhi ya kikao. Angeweza kuripoti nusu ya kwanza tu: mashine ni nyingi, zimechomekwa, zinachezewa kila siku. Yote kweli. Mkurugenzi alikwisha kufungua kikao kwa kusema, "Dada, nadhani tumekubaliana." Wale wanne walikuwa wameketi mstari wa nyuma wakiwa wamevaa nguo za sherehe. Bi Soketi alisimama. "Subiri kwanza, mdogo wangu. Mashine zimechomekwa, huyu mbishi ni shahidi. Lakini wenyewe wameshiba. Ukiwapelekea *Karakana* wataisifia, watakukaribisha kiti, na hawataitoa ile diski ya mpira. Pesa yote ya studio itakuwa imeishia kwenye kusifiwa." Kisha akapendekeza konsoli mpya, akataja gharama zake bila kuzipunguza, akaketi. Mchoraji mmoja wa wale wanne akaanza kukusanya vikombe vya chai vilivyokuwa bado vimejaa.

Mwandishi aliyeshinda siku ile angependa kuandika hapa kwamba alishinda kwa hoja. Alishinda kwa hoja ya mpinzani wake. Na kwa kuwa tabia haifi, anaongeza hili: bado anaamini kwamba Bi Soketi alikubali mapema mno. Mitaa tuliyotembelea ilikuwa ya mji mmoja. Huenda kwingine wenye mashine ya zamani bado wananunua. Alimweleza hivyo siku iliyofuata, chumbani kwake, kwa nusu saa nzima. Bi Soketi alimjibu kwamba hii ni mara yake ya kwanza kuona mtu akishinda kesi halafu akaikatia rufaa.

Bi Soketi hakuondoka kikaoni mikono mitupu. Aliweka masharti mawili na yote yalikubaliwa. Wale wanne wote waingie kwenye kikosi cha toleo jipya, kwa kuwa namna kila feni na kila redio inavyofunguka ni kazi yao na itabaki. Kinachochorwa upya ni sura tu. Na majina yao yatangulie katika orodha ya watengenezaji, juu ya sisi tuliowapinga. Kisha akaenda chumba cha mwisho wa korido, kabla ya Mkurugenzi kutuma ujumbe wowote, akafunga mlango, akawaomba radhi mmoja mmoja. Walipomaliza kusikitika aliwasha mashine, na wote watano wakaicheza *Karakana* kuanzia mteja wa kwanza hadi wa mwisho.

Toleo jipya limebadilishwa mwisho wake, kwa sababu za gharama ambazo mstaafu mwenyewe aliziidhinisha. Kwa hiyo mwisho ule wa awali, wa mteja wa mwisho anapoingia mlangoni, umeonwa na watu watano tu duniani. Wanne kati yao wameulizwa mara nyingi mteja huyo analeta nini, nao wamekataa katakata kusema.

*Karakana* ya konsoli mpya itafika madukani miezi miwili baada ya yeye kuondoka. Hatujui itauzaje. Ikiuzwa, tutakuwa tumelipwa kwa ukweli alioutoa dhidi yake mwenyewe. Isipouzwa, sisi tuliobaki ndio tutakaojibu, na asitokee mtu wa kumtwisha yeye lawama.

Kamati ilikuwa imepanga muziki baada ya hotuba za Ijumaa. Ratiba imebadilishwa, na kwa mara ya kwanza mwandishi huyu na kamati wamekubaliana bila kelele. Televisheni ya ukumbini itaunganishwa na konsoli ya zamani, viti vitasogezwa, na sote, wafanyakazi, mume, wifi na jamaa wote, tutaicheza *Karakana* ile ya kwanza, kwa zamu, mpaka mteja wa mwisho aingie. Pedi ya kwanza ni ya mstaafu. Ni gemu pekee katika historia ya studio hii ambayo haitauzwa hata nakala moja, na hakuna atakayeruhusiwa kutoka ukumbini kabla haijaisha.

Ahsante, mama yetu, kwa kutuambia kweli hata ilipokuwa inakuumiza wewe. Tunakuombea afya njema, nyumba yenye kicheko, na siku ndefu za kucheza bila kumtafutia mtu yeyote soko.